Maisha ya Daktari Denis Burkitt na Ugonjwa Uliorudi

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti la shule yetu tumesoma habari za wafalme, majemadari na viongozi waliopigania Uhuru. Safari hii nimependa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakushika bunduki wala hakutawala nchi. Alikuwa daktari mpasuaji mwenye jicho moja, naye alifanya kazi katika nchi ya jirani zetu, Uganda, kwa muda wa miaka ishirini. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt.

Nimemchagua mtu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake kubwa aliifanya katika nchi zinazofanana na mkoa wetu wa Songwe, zenye milima ya baridi upande mmoja na mabonde ya joto upande wa pili. Pili, kazi yake iliwafikisha madaktari mbele ya swali gumu ambalo mpaka leo linaumiza vichwa vya wataalamu: kwa nini saratani iliyokwisha kuyeyuka kwa dawa hurudi tena, na ikirudi huikataa dawa ile ile iliyoiyeyusha? Mimi ni mwanafunzi wa sayansi, na natumaini kulieleza jambo hili kwa lugha nyepesi ili hata mzazi ambaye hakusoma Bayolojia aweze kulifahamu.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, katika mji mdogo wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, mwenye kazi ya kuangalia barabara na madaraja. Lakini mzee huyo alikuwa na jambo jingine alilolipenda sana, nalo ni ndege. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini kwake, akawafunga pete miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka kwa kazi hiyo. Nawaomba wasomaji waishike habari hii ya ramani, maana mtoto aliirithi.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana wa shule. Miwani yake ilivunjika, vioo vikaingia katika jicho la kulia, na jicho hilo likapotea kabisa. Watu wengi wangedhani kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi tena kufanya kazi inayotaka macho makali. Yeye mwenyewe, alipoingia Chuo cha Trinity mjini Dublin, alianza kusoma uhandisi kama baba yake. Baadaye aliona moyoni mwake kwamba wito wake ni kuwahudumia wagonjwa, akahamia udaktari. Alipata shahada mwaka 1935, na mwaka 1938 akafaulu mtihani wa madaktari wapasuaji mjini Edinburgh.

Baada ya hapo aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika ya Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini kama daktari, na jeshi likamleta Afrika ya Mashariki. Akaipenda nchi. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 alipelekwa Uganda, katika mji wa Lira, yeye na mkewe Olive.

Huko Lira aliwapasua wanaume wengi waliokuwa na mabusha. Daktari mwingine angepasua, angeshona, na kungoja mgonjwa wa kesho. Burkitt aliwauliza wagonjwa wake wanatoka wapi, akaandika. Baada ya muda aliona kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, na upande wa magharibi yalikuwa haba. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1951. Siku hizi tunajua kwamba mabusha ya namna ile yanaletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, na mbu hawakai mahali pote sawasawa. Kwa hiyo swali dogo la mgonjwa anatoka wapi lilikuwa swali la maana kuliko lilivyoonekana.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, mjini Kampala. Hapo ndipo, mwaka 1957, Daktari Hugh Trowell alipomwita aje amtazame mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt hakupata kuona ugonjwa wa namna ile. Ungekuwa jipu, lingekuwa upande mmoja. Saratani nayo kwa kawaida huanza mahali pamoja, haianzi mahali panne kwa mara moja. Baada ya majuma machache alikwenda hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona nje mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile. Akatoka kwenda kumpima. Tumboni mwake pia alikuta uvimbe.

Mtoto mmoja ni ajabu, lakini watoto wawili ni habari. Burkitt alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani. Akaona kwamba watoto wengi walikwisha kufa kwa uvimbe wa taya, wengine wa tumbo, wengine wa figo au wa jicho, na kila mmoja alikuwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa. Yeye aliona kwamba huenda wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Aliandika habari yake ya kwanza mwaka 1958. Wataalamu waliotazama vipande vya uvimbe kwa hadubini walithibitisha kwamba ni saratani ya chembe nyeupe za damu zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili. Siku hizi ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Sasa ikaja ile ramani. Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza kama wamepata kumwona mtoto wa namna hii. Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini katika ramani ukutani. Pini zikaonyesha mkanda unaokatiza katikati ya Afrika. Lakini kwa nini mkanda huo ulikoma pale ulipokoma? Ili kujua, ilimlazimu aende mwenyewe mpaka kwenye ukingo wake.

Mwezi wa Oktoba, 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, alitoka Kampala pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Walipanda motokaa kuukuu aina ya Ford iliyonunuliwa kwa paundi 250. Walikwenda kusini mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, mwendo wa maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi, wakipita katika hospitali kama 60. Gharama yote ya safari haikufika paundi 700. Mahali popote walipofika, Burkitt alitoa picha zake na kuuliza swali lile lile.

Waliporudi, jibu lilikuwa wazi. Ugonjwa ule ulipatikana mahali penye joto na mvua. Karibu na ikweta ulikuwa haba sana katika nchi zilizo juu ya futi 5,000. Kadiri mtu alivyokwenda kusini, mbali na ikweta, ndivyo mpaka ule ulivyoshuka, kwa kuwa kusini baridi huanza hata katika nchi zisizo na mwinuko mkubwa. Basi jambo lenyewe lilikuwa joto wala si urefu wa mlima. Mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 za sentigredi, ugonjwa haukuonekana sana.

Tunaokaa katika mkoa wa Songwe tunaweza kuifahamu ramani hiyo bila kuichora. Hapa Tunduma na kule Vwawa tunavaa makoti mwezi wa Juni na Julai, na asubuhi ukungu hufunika malori yaliyopanga foleni mpakani kungoja kuvuka kwenda Nakonde. Lakini ukiteremka upande wa Kamsamba, kuelekea Ziwa Rukwa, unavua koti njiani, na usiku hulali bila chandarua. Nilipoisoma habari ya Burkitt nilielewa kwamba mstari aliokuwa akiufuata kwa motokaa unapita hata katika mkoa wetu, kati ya milima ya kahawa na bonde la mpunga.

Na kiumbe anayependa joto na maji ni mbu. Wataalamu waliunganisha ugonjwa huu na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara na kuichosha kinga yake. Tena, mwezi wa Machi 1961, Burkitt alipokuwa akihutubia mjini London, kijana mmoja mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wamekiona ndani yake kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini mama aliyembeba mtoto mwenye taya iliyovimba hataki ramani. Anataka mtoto apone. Na hapa Burkitt alikuwa na shida kubwa. Kisu hakikufaa, maana kukata taya zote ni kumharibu mtoto bila kumponya. Mashine za kutibu kwa mionzi hazikuwapo kwao. Kilichobaki ni dawa za kuua saratani, nazo wakati ule zilikuwa mpya na chache. Wataalamu kutoka Marekani, akiwamo Daktari Joseph Burchenal, walikuja Afrika ya Mashariki kuzijaribu, na makampuni ya dawa yakampa Burkitt kiasi kidogo. Alianza na methotreksati, baadaye akatumia siklofosfamidi na vinkristini. Hii ya mwisho hutolewa katika ua dogo la rangi ya waridi, lenye asili ya Bukini, ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba zao kwa urembo tu.

Matokeo yalistaajabisha ulimwengu. Uvimbe mkubwa kama embe uliyeyuka kwa siku chache. Watoto wengine walipewa dawa mara moja au mara mbili tu, wakapelekwa nyumbani, na miaka ikapita bila ugonjwa kurudi. Wakati ule madaktari wengi duniani waliamini kwamba saratani iliyokwisha kutapakaa haiwezi kuponywa kwa dawa. Watoto wa Uganda na Kenya walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba inawezekana.

Hata hivyo, wengine hawakupona. Uvimbe uliyeyuka, mtoto akacheza, mama akashukuru, na baada ya majuma machache taya ikavimba tena. Dawa ile ile ikatolewa, na safari hii uvimbe haukutikisika. Huu ndio usugu wa dawa. Wako waliodhani kwamba dawa imepoteza nguvu, na wengine wakadhani mwili wa mtoto umeizoea. Ukweli ni mwingine, nami nitaueleza kwa hesabu na kwa jembe.

Uvimbe wenye ukubwa wa sentimita moja kila upande una seli kama bilioni moja. Seli hizo si pacha wa kufanana katika kila jambo, kwa kuwa kila zinapogawanyika hutokea makosa madogo ya kunakili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila seli milioni moja imo moja ambayo kwa bahati haidhuriwi na dawa fulani. Dawa ikiua nyingine zote, zinabaki seli 1,000. Hizo hazionekani kwa jicho wala hazipapasiki kwa mkono, na mgonjwa anaonekana mzima. Lakini limfoma ya Burkitt ndiyo saratani ya binadamu inayokua kwa kasi kuliko nyingine, na seli zake huweza kuwa maradufu kwa siku moja hadi tatu. Seli 1,000 zikiwa maradufu mara ishirini zinarudi kuwa bilioni moja. Ikiwa kila mara ni siku mbili, basi siku arobaini zinatosha. Na uvimbe huo wa pili wote ni uzao wa zile zilizoishinda dawa.

Mkulima wa Mbozi analijua jambo hili vizuri. Akilima shamba la mahindi kwa jembe, magugu ya kawaida hufa, lakini ndago, yenye viazi vidogo chini ya udongo, huchipua tena. Akiendelea na jembe tu, baada ya misimu michache shamba linakuwa la ndago tupu. Jembe halikupungua makali, ila magugu yaliyobaki ni ya namna ambayo jembe haliyawezi.

Basi dawa ya usugu ni nini? Wahenga walikwisha kulisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa seli moja katika milioni huiepuka dawa ya kwanza, na moja katika milioni huiepuka dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine, basi inayoziepuka zote mbili ni moja katika milioni mara milioni. Uvimbe wetu wa seli bilioni moja huenda usiwe na hata seli moja ya namna hiyo. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani, akina Emil Frei na Emil Freireich, walianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa kadhaa kwa pamoja. Walifuata mfano wa kifua kikuu, ambacho kilikwisha kuonyesha usugu kilipotibiwa kwa dawa moja. Sisi nchini Tanzania tumeliona jambo hilo hilo kwa malaria. Klorokwini ilishindwa ikaachwa mwaka 2001, SP iliyofuata haikudumu, na mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa ya mseto. Jina lenyewe linajieleza.

Mwaka 1966 Burkitt aliondoka Uganda kwenda Uingereza, lakini kazi haikusimama. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa kijana wa Kimarekani, Daktari John Ziegler, na baada yake akashika Daktari Charles Olweny, Mganda. Watu hawa walifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko dawa yenyewe, nalo ni kuwafuata wagonjwa. Mtoto aliyetoka hospitali hakusahauliwa. Wafanyakazi wa kituo walipanda gari kwenda vijijini kumtafuta, kumpima na kuandika.

Kwa kuwafuata namna hiyo waligundua kwamba kurudi kwa ugonjwa si kwa namna moja. Uvimbe uliorudi mapema, katika miezi michache ya kwanza, mara nyingi ulikuwa sugu. Uliorudi baada ya muda mrefu mara nyingi ulikubali tena dawa ile ile ya kwanza, kana kwamba ni ugonjwa mpya. Tena waligundua kwamba saratani hujificha katika ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa inayopita katika damu haifiki vizuri. Seli zile hazikuwa sugu, zilikuwa zimejificha tu. Basi dawa ikaanza kutiwa kwa sindano katika maji ya uti wa mgongo. Na walipolinganisha watoto waliopewa dawa moja na waliopewa dawa tatu kwa pamoja, wale wa dawa tatu walirudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi. Mwaka 1972 Burkitt, Ziegler, Burchenal, Frei na Freireich walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa. Pamoja nao alikuwamo Mwafrika, Daktari Anomah Ngu wa Kamerun.

Nilipokuwa Kidato cha Pili jambo hili lilifika katika ukoo wetu. Mtoto wa mama yangu mdogo, anayekaa bondeni upande wa Kamsamba, alivimba taya akiwa na miaka sita. Waliomwona kwanza walidhani ni jino, likang'olewa, na uvimbe ukaendelea. Ikafuata miti shamba. Mwezi ukapita kabla hajapewa barua ya kwenda Mbeya, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Baada ya dripu ya kwanza uvimbe ulianza kushuka, na juma la pili uso ulikuwa umerudi kama zamani. Hapo baba yake akataka kumrudisha nyumbani, maana mpunga ulikuwa tayari shambani na fedha zilikuwa zimekwisha. Muuguzi mmoja akakaa nao chini, akawaeleza kwamba hatari kubwa ni sasa, wakati mtoto anaonekana mzima, kwa sababu zilizobaki ndizo mbaya zaidi. Mama mdogo akabaki naye mpaka dawa zote zikaisha. Ndugu walichanga nauli na chakula, na mpunga ukavunwa na majirani. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu.

Wakati ule sikuelewa maneno ya muuguzi yule. Niliyaelewa nilipopiga hesabu ile ya seli 1,000.

Tangu siku za Burkitt wataalamu wamechungulia ndani ya seli sugu na kuona hila zake. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling, wakiwa Kanada, waliielezea protini iliyoko katika utando wa seli, ambayo baadaye ilithibitika kuwa kama pampu. Dawa ikiingia, pampu huitupa nje, kama mvuvi anayekumbia maji katika mtumbwi unaovuja. Ubaya wake ni kwamba pampu hiyo moja huweza kutupa dawa za aina mbalimbali, hata zile ambazo seli haijapata kukutana nazo. Seli nyingine hutengeneza upya haraka kile ambacho dawa imekiharibu, na nyingine hubadili mahali pale dawa inapojishikiza. Kwa hiyo mchanganyiko unaofaa ni ule wa dawa zinazopita njia tofauti kabisa. Mfano mmoja ni rituksimabu, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa na wataalamu, nayo huishika seli ya saratani kwa nje bila kuhitaji kuingia ndani. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa watoto zaidi ya 300 wenye limfoma kali za jamii hii, wengi wao ya Burkitt. Walioongezewa rituksimabu juu ya dawa za kawaida, kama 94 katika kila 100 walimaliza miaka mitatu salama. Wasioongezewa walikuwa kama 82.

Hayo ni katika nchi tajiri. Katika Afrika wanaopona bado ni wachache zaidi, na sababu si kwamba seli za watoto wetu ni sugu kuliko za wengine. Mara nyingi mtoto huchelewa kufika, au dawa hukosekana katikati ya matibabu, au wazazi huondoka kwa kukosa nauli. Dawa inayotolewa nusu huua seli dhaifu na kuziachia shamba zile kali. Naona ni haki kusema kwamba usugu mwingine hatuletewi na saratani, bali tunaupalilia wenyewe kwa ufukara na haraka zetu.

Nimalizie maisha ya daktari wetu. Huko Uingereza Burkitt hakukaa kimya. Alikumbuka kwamba katika miaka yake yote ya kupasua watu Uganda ni mara chache alikutana na saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine ya matumbo yaliyojaa Ulaya. Akaanza tena kuandika barua kwa hospitali za Afrika na Asia, kuuliza nani anaugua nini na anakula nini. Akawa mhubiri mkubwa wa vyakula vyenye makapi, kama maharage, mboga na unga usiokobolewa. Mwaka 1979 alitoa kitabu juu ya jambo hilo, kikasomwa na watu wengi sana. Alifariki dunia tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82, ameacha mjane na mabinti watatu.

Ndugu wanafunzi, mimi nimejifunza mambo matatu kwake. Kwanza, hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Alikuwa na swali, karatasi na subira ya kuandika majibu, na vitu hivyo vinapatikana hata katika bweni letu. Pili, aliyekataliwa kwa jicho moja aliona jambo ambalo wenye macho mawili walilipita kila siku katika wodi. Tatu, kazi aliyoianza haikumalizwa na mtu mmoja. Iliwataka Waingereza, Wamarekani, Waganda na Wakamerun, kama vile ugonjwa wenyewe ulivyotaka dawa zaidi ya moja.

Kwa wazazi wetu nina ombi. Mtoto akivimba taya, au tumbo, au jicho, na uvimbe ukakua kwa siku na si kwa miezi, msingoje mavuno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hukua maradufu kwa siku mbili. Mkifika hospitali, ulizeni dawa zitatolewa mara ngapi, mhesabu, wala msiondoke kabla hesabu haijatimia, hata kama mtoto anakimbia uani na kucheka.

Na kwa wenzangu wa mchepuo wa sayansi: swali la seli sugu bado halijapatiwa jibu la mwisho. Kazi ipo, na wanaohitajika kuifanya ni watu wanaopenda kuuliza mgonjwa anatoka wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Sayansi